Si Kila Sauti Kubwa ni Kelele: Neno Moja na Matumizi Yake Mtaani Kabalagala

Utangulizi

Katika insha tunazosahihisha kila muhula, hakuna neno la sauti linalojitokeza mara nyingi kuliko kelele. Radi ina kelele, gari lina kelele, ngoma ina kelele, bomu lina kelele, na mtu anayeomba msaada usiku naye anapiga kelele. Mwalimu huelewa kilichokusudiwa, huweka alama ya vema, kisha hupita. Makala haya yanadai kwamba mwalimu hapaswi kupita. Dai letu ni hili: kelele si jina la ukubwa wa sauti. Kelele ni hukumu anayoitoa msikilizaji juu ya sauti asiyoitaka, iwe kubwa au ndogo. Anayelifundisha neno hili kama jina la sauti kubwa humnyima mwanafunzi vitu viwili kwa mpigo mmoja, yaani maana ya neno lenyewe na msamiati mpana wa maneno jirani ambayo neno hilo limeyafunika.

Tumechagua kulijadili neno hili tukiwa tumeutazama mtaa wa Kabalagala. Mtaa huu upo katika tarafa ya Makindye, kusini-mashariki mwa kitovu cha jiji la Kampala, mahali ambapo barabara ya Ggaba inakutana na njia ya kupandia Muyenga. Jina lake ni pia jina la kitafunio kinachopendwa na wengi, kinachokaangwa kwa ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo. Hata hivyo, kinachoufanya mtaa huu ufahamike kote Kampala ni usiku wake: baa, mikahawa, muziki, bodaboda na umati wa watu hadi alfajiri. Tena ni mtaa wa lugha nyingi. Mganda, Mkongo, Mkenya, Mnyarwanda, Mhabeshi na Msudani Kusini hukutana hapo, na pale Kiganda na Kiingereza vinapowashinda, Kiswahili ndicho kinachowasaidia. Kwa mtu anayetaka kuchunguza jinsi watu wanavyozipa majina sauti kubwa, ni vigumu kupata darasa linalofaa kuliko hilo.

Umbo la neno na asili yake

Tuanze na sarufi, kwa kuwa umbo la neno hili lina habari ya kutueleza. Kamusi za Kiswahili huonyesha maneno mawili yenye uhusiano, yaani ukelele na kelele. Tukiyaweka kando ya maneno mengine yenye umbo kama hilo, uhusiano wake unadhihirika: ukuta, kuta, ukucha, kucha, ukurasa, kurasa, ukelele, kelele. Ukelele ni mlio mmoja mkali unaotoka kinywani mwa mtu. Kelele ni milio hiyo ikiwa mingi. Hivyo basi, kwa umbo lake, neno hili lilianza kama jina la wingi na lilihusu vinywa vya watu kabla ya kuhusu mashine, wanyama au vitu.

Wingi huo haujapotea. Ndiyo maana mzungumzaji stadi husema "kelele zinanisumbua" na "acheni kelele zenu", ingawa "kelele inanisumbua" imezoeleka sana huku bara. Ndiyo maana pia sifa inayoandamana na neno hili kwa wepesi ni nyingi: kelele nyingi. Tukitaka kuzidisha huongeza kiambishi tukapata makelele, wingi juu ya wingi. Umbo hili la makelele ndilo linalosikika zaidi kwa Wakongo wa Kabalagala, na Lingala nayo inalo kwa maana hiyo hiyo. Wapenzi wa kandanda wanalifahamu kupitia jina la Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, kiungo aliyejijengea sifa kwa kazi ya kimyakimya mbele ya mabeki. Jina halikumlazimisha mwenyewe.

Jaribio dogo linatosha kuonyesha tofauti. Mwambie mwanafunzi ahesabu. Atasema kishindo kimoja, mlio mmoja, mlipuko mmoja, ngurumo moja, yowe moja. Akifika kwenye kelele atasita, kwa sababu "kelele moja" haikai vizuri mdomoni. Kinachohesabika ni tukio lenye mwanzo na mwisho. Kelele hazihesabiki kwa sababu ni mchanganyiko ambao msikilizaji hana haja ya kuuchambua. Anataka tu uishe.

Majaribio matatu ya maana

Jaribio la kwanza ni la darasani. Katika shule zetu, mwalimu akitoka, kiranja hubaki na karatasi ya kuandikia majina ya wapiga kelele. Kila msomaji wa jarida hili amewahi kuandikwa au kuandika. Tukumbuke ni nani huandikwa. Yule anayemnong'oneza jirani yake huandikwa. Yule anayeisoma kwa sauti hesabu aliyopewa na mwalimu haandikwi. Kama kelele ingekuwa sauti kubwa, karatasi hiyo ingekuwa na majina mengine kabisa. Kiranja hapimi sauti, anapima ruhusa.

Hali kadhalika, mwalimu anayeingia na kupaza sauti "Kelele!" anaeleweka mara moja kuwa anaamuru watu wanyamaze. Hili ni jambo la ajabu kidogo: jina la kitu linatumika kukikataza kitu hicho hicho. Hakuna awezaye kunyamazisha darasa kwa kusema "Kishindo!" au "Mlio!". Inawezekana kwa kelele kwa sababu katazo limo tayari ndani ya neno. Kwa wanafunzi wa Uganda upande huu wa neno una historia yake. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na watu wengi wa nchi hii walikutana nacho kwanza kama lugha ya amri. Mwanafunzi wa namna hiyo huja darasani akiwa amekwisha kulihisi katazo kabla hajaifahamu maana.

Jaribio la pili ni la vitenzi. Karibu kila sauti kubwa katika Kiswahili ina kitenzi chake. Radi na simba hunguruma. Upepo na mawimbi huvuma. Ngoma hulia, huvuma, hurindima. Mbwa hubweka. Bomu hulipuka. Honi na bunduki hulia. Kelele haina kitenzi cha namna hiyo. Hupigwa au hufanywa, na kwa hiyo inahitaji mpigaji, mtu wa kunyoshewa kidole. Tunaposema "jenereta linapiga kelele", tumelifanya jenereta kuwa mtu mkorofi. "Radi inapiga kelele" haisemwi, kwani nani atamkaripia radi? Hapo hapo tuwaonye wanafunzi dhidi ya "kutengeneza kelele", ambayo imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kinachotengenezwa ni meza, si kelele.

Jaribio la tatu ni la maana za mafumbo, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwa maoni yetu. Mgombea akipata kura nyingi tunasema ameshinda kwa kishindo. Mwanamuziki akijulikana kote tunasema jina lake limevuma. Bibi arusi hupokewa kwa vigelegele, hoihoi, nderemo na vifijo. Zote hizi ni sauti kubwa na zote zimekuwa sifa. Sasa tuseme mgombea ameshinda kwa kelele. Tumemtukana. "Maneno yake ni kelele tu" maana yake hayana kitu. "Hao ni wapiga kelele" ni kauli ya mtu aliyekwisha kuamua kutosikiliza. Kama kelele na kishindo yangetofautiana kwa ukubwa tu, yasingeachana njia kiasi hiki yanapohamia kwenye mafumbo.

Methali zinasemaje

Methali zinashuhudia hayo hayo. Kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika zote mbili sauti yenyewe si kubwa sana. Mlango unakwaruza, chura analia bondeni. Kinachosemwa ni kwamba sauti hiyo haina haki ya kumbadilisha mtu nia. Aliyeitunga methali amekwisha kutoa hukumu, na neno alilolichagua ndilo linalobeba hukumu hiyo.

Tulinganishe na methali ambazo sauti yake ina uzito. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Msemaji angeweza kusema kina kelele kubwa, lakini hakuna aliyewahi kusema hivyo, kwa sababu kinachongojwa baada ya kimya hicho ni jambo la kuogopwa. Hata methali zinazowakejeli wenye majivuno, kama vile debe tupu haliachi kuvuma, au ngoma ivumayo haidumu, huutaja mvumo, kisha huacha maneno yaliyobaki ndiyo yatoe hukumu. Utupu wa debe umetajwa waziwazi. Kwenye kelele hauhitaji kutajwa, umo ndani.

Usiku wa Kabalagala

Sasa twende mtaani. Saa tano usiku, muziki wa baa unapovuma hadi Kansanga, aliyelipia kinywaji chake huuita muziki. Mwenye baa huuita biashara. Mpangaji wa nyumba ya nyuma, ambaye mtoto wake ana mtihani asubuhi, huuita kelele. Wote watatu wanasikia spika zile zile. Usiku wa mkesha wa maombi hali ni hiyo hiyo: muumini anasikia sifa, jirani anasikia kelele. Adhana ya alfajiri ikitolewa kutoka kilima cha Kibuli, anayeisubiri anamsikia mwadhini, na aliyelala saa kumi anasikia kitu kingine. Hatusemi nani ana haki. Tunasema kwamba katika kila mfano neno kelele limetumiwa na mlalamikaji na halikutumiwa na mlalamikiwa. Neno lenye tabia hiyo haliwezi kuwa jina la kipimo.

Sheria, kwa upande wake, inahitaji kipimo. Mwaka 2003 Uganda ilitunga kanuni za kitaifa za mazingira kuhusu viwango na udhibiti wa kelele. Kanuni hizo ziligawa maeneo kwa aina zake na kugawa siku kwenye saa nne za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Kwa nyumba za makazi zilitaja desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwa makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, ambayo ndiyo sura ya Kabalagala, zilitaja 55 mchana na 45 usiku. Ikumbukwe kwamba desibeli hazipandi kama hatua za ngazi. Kila ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti iliyozidishwa mara 10. Kenya ilitunga kanuni zake za kelele mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2015.

Hapa ndipo suala letu linapotoka kwenye ukurasa wa insha. Mabadiliko ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Baadhi ya wanafunzi wetu watakuwa wafasiri wa kanuni za namna hii. Mfasiri aliyefundishwa kwamba kelele ni sauti kubwa ataandika "kiwango cha kelele kinachoruhusiwa". Tuitazame sentensi hiyo. Kama ni kelele, imekwisha kulaumiwa, inaruhusiwaje? Na kama inaruhusiwa, kwa nini iitwe kelele? Mwenye baa aliyepimwa akakutwa na desibeli 40 usiku hajavunja kanuni, lakini hati iliyoandikwa hivyo imekwisha kumwita mpiga kelele.

Tunapendekeza mgawanyo ulio wazi. Kinachopimwa kiitwe sauti. Kinachozidi kipimo kiitwe kelele. Kwa hiyo: "Kiwango cha sauti usiku kisizidi desibeli 45, sauti itakayozidi kiwango hicho itahesabiwa kuwa kelele." Sentensi hii haihitaji istilahi mpya hata moja. Inahitaji tu mfasiri aliyefundishwa kutofautisha jina na hukumu. Wahandisi wa sauti nao wanafanana nasi katika hili, kwani katika taaluma yao pia kelele ni sauti isiyotakiwa, hata ikiwa ni mnong'ono ndani ya waya wa simu.

Sauti tatu za usiku mmoja

Upo mfano mmoja kutoka Kabalagala ambao hatuwezi kuuepuka, nao tunauleta kwa heshima ya waliofikwa. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 watu walikusanyika katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo, kutazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi. Mabomu yalilipuliwa katika sehemu zote mbili na watu zaidi ya 70 waliuawa.

Mwalimu amwombe mwanafunzi ayataje maneno ya sauti yanayohitajika katika kuueleza usiku kama huo. Kwanza kuna sauti za mashabiki: vifijo, hoihoi, shangwe. Kisha kuna mlipuko na kishindo chake. Kisha kuna mayowe na vilio. Ni sauti tatu, zote kubwa. Ya kwanza ni ya furaha, ya pili ni ya tukio lenyewe, ya tatu ni ya binadamu walioumizwa. Mwanafunzi mwenye neno moja ataandika kwamba kulikuwa na kelele, ghafla kukawa na kelele kubwa, halafu watu wakapiga kelele. Hajasema uongo kwa nia, ila sentensi yake imezika kila kitu. Furaha haimo, bomu halimo, na maumivu hayamo. Msomaji amebaki na usumbufu tu.

Yowe na wajibu wa jirani

Kati ya maneno yote yaliyofunikwa na kelele, tunalolisikitikia zaidi ni yowe. Kiganda kina neno enduulu, na kama Waswahili wanavyopiga yowe, Waganda nao "hupiga" enduulu. Katika desturi ya Buganda, enduulu ni wito. Anayeisikia anapaswa kutoka nyumbani kwake, usiku au mchana, aende ilikotokea. Kiswahili kinayo maneno ya wito huo huo: yowe, ukunga, kamsa. Aliyepiga yowe anasubiri watu waje. Aliyepiga kelele anasubiri kuambiwa anyamaze. Neno moja linafungua mlango, jingine linaufunga.

Ajabu ni kwamba Mganda anayejifunza Kiswahili anayo tofauti hii tayari katika lugha yake ya kwanza. Anacho kitenzi okuleekaana kwa ajili ya fujo za sauti, anayo enduulu kwa ajili ya wito wa msaada, anayo emizira kwa ajili ya shangwe, na husema okubwatuka kwa radi na kwa bomu. Anapoandika Kiswahili, vyote vinne vinageuka kelele. Hakuipoteza tofauti hiyo kwa sababu ya Kiganda. Aliipoteza kwa sababu sisi walimu tulimpa neno moja tukaridhika.

Tuchukue mfano wa shahidi anayeandikisha maelezo polisi baada ya mtu kuvamiwa kwenye uchochoro wa Kabalagala. "Nilisikia mwanamke anapiga kelele, nikaendelea kulala." Maelezo hayo yanapita bila swali, katika mtaa ule, nani halali penye kelele? Tubadilishe neno moja: "Nilisikia mwanamke anapiga yowe, nikaendelea kulala." Sentensi ya pili inamshtaki msemaji. Askari atauliza kwa nini hakutoka, na msemaji mwenyewe, alipokuwa akilitamka neno hilo, huenda angeuliza kabla ya askari. Tunakiri kwamba Kiswahili sanifu kinaruhusu "alipiga kelele kuomba msaada". Lakini kelele hapo imelazimika kusaidiwa na maneno mawili ya nyongeza ili ibebe kile ambacho yowe linakibeba peke yake. Nyongeza hizo zikisahauliwa, na husahauliwa kila siku, aliyeomba msaada anabaki kuwa msumbufu.

Pingamizi

Wapo wenzetu watakaosema kwamba lugha ni ya watumiaji, na kwamba kelele imepanuka kimaana kama maneno mengine yalivyopanuka. Kamusi zenyewe, watasema, hulielekeza neno hili kwenye ukubwa wa sauti. Hoja hii ina nguvu na hatuidharau. Hakuna anayeweza kuizuia bodaboda ya Kabalagala isiitwe yenye kelele, wala hatuna sababu ya kuizuia. Lakini kupanuka si kupoteza. Neno limepanuka kutoka kinywa cha mtu hadi kwenye mashine, na huko lilikokwenda limekwenda na hukumu yake. Pikipiki tunayoiita yenye kelele ni ile inayotuudhi. Ile ya fundi hodari, iliyotengenezwa ikatengemaa, husemwa kuwa inanguruma vizuri. Watumiaji wa mtaani, kwa hiyo, wako upande wetu. Wanaolitumia neno kama kipimo kitupu ni wanafunzi wanaoandika insha, na wameyatoa hayo kwetu.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atachoshwa na utitiri wa maneno. Jibu letu ni kwamba utitiri huo una mpangilio. Tanakali za sauti zinafundishwa tangu shule ya msingi na watoto huzifurahia: kuanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Mtoto anayeweza kutofautisha matope na mchanga kwa sikio hashindwi kutofautisha kishindo na yowe.

Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwalimu asilifundishe neno kelele peke yake. Alifundishe pamoja na sauti, ambayo haina upande, na mlio, ambao hutaja chanzo. Mwanafunzi ajue kwamba kila anapochagua kelele badala ya sauti ametoa maoni yake.

Pili, maneno ya sauti kubwa yapangwe kwa makundi ya maana badala ya orodha ya alfabeti. Sauti za tukio: kishindo, mlipuko, ngurumo, mrindimo. Sauti za furaha: vigelegele, vifijo, hoihoi, nderemo. Sauti za wito: yowe, ukunga, kamsa. Sauti za vurugu: kelele, zogo, ghasia. Makundi manne yanakaa katika ubao mmoja.

Tatu, mwalimu atumie lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Kwa Mganda aanze na enduulu, kwa Mkongo aanze na makelele aliyonayo, kisha aonyeshe ni wapi Kiswahili kinakubaliana naye na ni wapi hakikubaliani.

Nne, katika kusahihisha, mwalimu asiandike tu "neno lisilofaa". Aulize pembeni: nani anaiita kelele? Swali hilo fupi humlazimisha mwanafunzi kutafuta msikilizaji ndani ya sentensi yake. Akimpata msikilizaji anayeudhika, neno libaki. Asipompata, atafute jingine.

Hitimisho

Kuanzia Machi 2020 baa za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na shughuli za usiku hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 24 Januari 2022. Kwa muda wa karibu miaka miwili Kabalagala ilikuwa kimya usiku. Mpangaji wa nyumba ya nyuma alipata usingizi. Mpiga gitaa, mhudumu wa baa na muuza nyama choma walikosa riziki, na mtu akiwauliza walichokosa, hawakusema wamekosa kelele. Walisema wamekosa muziki, wateja, uhai wa mtaa. Milango ilipofunguliwa, spika zile zile zilirudi, na watu wakarudi kuziita kwa majina mawili kama zamani.

Hatutarajii wakubaliane, na lugha haiwadai wakubaliane. Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni ndogo kuliko hiyo na inawezekana: kuhakikisha kwamba atakayesema kelele ajue amehukumu, na kwamba siku atakaposikia yowe awe na neno la kuliitia.